Kuanzia Sanamu ya Askari: kituo cha jiokachingi kinachofundisha historia ya mtaa

SWALI: Mimi ni mwalimu wa historia, sekondari, Temeke. Nacheza jiokachingi kwa simu, na nimeona jinsi wenzetu wa nje wanavyotumia vituo vya mjini kueleza historia ya mtaa. Nataka kutengeneza kimoja katikati ya Dar es Salaam, kianzie pale kwenye sanamu ya Askari, niwapeleke wanafunzi wa kidato cha pili, ishirini na wanne hivi. Nianzie wapi? Nifiche kopo gani? Na nitajuaje kwamba ninachowaandikia ni historia na si porojo za kijiweni?

JIBU: Mwalimu, swali lako la mwisho ndilo la kuanza nalo. Kopo utalipata dukani kwa siku moja. Maneno utakayoyaandika yatasomwa na watu usiowajua kwa miaka, na wengi watayabeba kama yalivyo.

Kwa faida ya wasomaji wengine: jiokachingi ni mchezo wa kutafuta kasha lililofichwa kwa kufuata viwianishi vya setilaiti, yaani namba za latitudo na longitudo za mahali. Ulianza tarehe 3 Mei 2000 huko Oregon, Marekani, siku moja tu baada ya serikali ya nchi hiyo kuacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia. Anayelipata kasha hutia saini kwenye karatasi iliyomo ndani, hulirudisha lilipokuwa, kisha huandika kwenye ukurasa wa kasha hilo mtandaoni kwamba amelipata. Makasha ya porini hupendwa kwa matembezi. La mjini lina kazi nyingine: humsimamisha mtu mahali anapopapita kila siku bila kupatazama.

Sasa historia. Jiwekee sharti moja usilolivunja: kila sentensi ya kihistoria iwe na mashahidi wawili wasiojuana. Kitu kilichosimama mtaani na karatasi, au karatasi mbili za asili tofauti, au mzee na karatasi. Wazee wawili wa kijiwe kimoja ni shahidi mmoja, maana wamekuwa wakisimuliana kwa miaka. Na makala mbili za mtandaoni zenye maneno yaleyale ni makala moja.

Tulijaribu sharti hilo papo hapo pale Askari. Watu wengi wakiulizwa husema sanamu ile ni ya mkoloni, ilijengwa kumsifu Mwingereza, basi. Sogea karibu usome. Sanamu ni ya shaba nyeusi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson, na ilizinduliwa mwaka 1927. Askari ameinama kidogo, bunduki mkononi, singe yake ikielekea upande wa bandari. Maandishi kwenye tako lake yanawataja askari wa Kiafrika waliopigana katika vita vya 1914 hadi 1918, halafu yanawataja wapagazi, waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hapo ndipo mwalimu wa historia anapopata somo zima. Wapagazi walikuwa wengi kuliko askari, walibeba chakula na risasi kutoka pwani hadi ndani kabisa ya bara, na njaa na maradhi viliwaua kwa wingi kuliko risasi. Kwa Kiingereza kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Watu wa mjini wakalitamka jina hilo kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Nairobi nako kuna Kariokor, chimbuko ni hilohilo. Kwa hiyo mstari mmoja kwenye tako la sanamu unakufikisha kwenye soko ambalo kila mwanafunzi wako ameshakwenda kununua sare.

Bado kuna tabaka la chini yake. Kabla ya Askari huyu, mahali hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza vita dhidi ya Abushiri bin Salim na watu wa pwani mwaka 1889. Ilisimamishwa mwaka 1909, yeye juu, na chini yake askari Mwafrika akimtazama. Waingereza walipoingia Dar es Salaam Septemba 1916, iling'olewa ikapelekwa Uingereza kama ngawira ya vita. Baadaye ilirudishwa Ujerumani, ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi wa chuo hicho waliiangusha mwaka 1967, ikarudishwa, wakaiangusha tena 1968, na haikurudishwa tena pale chuoni. Waambie vijana wako hivyo wakiwa wamesimama palepale: mahali pamoja, sanamu mbili, mshindi wa pili akaondoa ya mshindi wa kwanza. Hawatasahau.

Tabaka la pili ni majina ya barabara. Barabara ya Samora inayopita hapo Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani chini ya miakasia. Waingereza wakaifupisha kuwa Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ikawa Independence Avenue, na baadaye ikapewa jina la Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji. Majina manne, lami moja. Ukiyapanga kwa mfuatano hivyo umeshatoa historia ya tawala za mji tangu Wajerumani bila hotuba yoyote.

Mahali pa kuyatafuta majina ya zamani ni kwenye taasisi. Barabara ikibadilishwa jina, kanisa, shule na hospitali hazibadiliki nayo. Shuka kutoka Askari kuelekea baharini utakuta kanisa la Kilutheri la Azania Front, lenye kuta nyeupe na paa la vigae vyekundu, lililojengwa na Wajerumani kuanzia 1898. Azania Front lilikuwa jina la barabara ya ufukweni mwa bandari zama za Waingereza. Kibao cha barabara kiliondoka zamani, jina limebaki kanisani. Ndivyo ilivyo kwa Ocean Road: tangu 2013 barabara inaitwa Barack Obama, lakini hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 bado ni Ocean Road, na mgonjwa wa saratani kutoka mkoani huambiwa "nenda Oshenirodi". Vituo vya daladala navyo ni hazina. Posta ya Zamani, Fire, Mnara wa Saa: kila jina lina kitu kilichokuwapo au kilichopo bado. Mnara wa Saa, kwa mfano, uko mwisho mwingine wa Samora, na ulijengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupewa hadhi ya jiji mwaka 1961.

Majengo ya Uhindini, kuanzia Kisutu hadi mitaa ya jirani, usiyapite bila kuinua kichwa. Wenye nyumba wengi wa zamani walichonga mwaka wa kujengwa, na mara nyingine jina la familia, juu kabisa ya ukuta wa mbele, chini ya paa. Mwaka uliochongwa kwenye plasta ni shahidi mzuri, ila uuelewe: unaweza kuwa mwaka wa kuanza, wa kumaliza, au wa kuongeza ghorofa. Andika "jengo lina mwaka 1936 ukutani", usiandike "lilijengwa 1936", mpaka upate karatasi. Na ukiona jina la familia juu na ofisi ya umma chini, kumbuka sheria ya mwaka 1971 iliyotaifisha nyumba za thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Huenda ndiyo sababu, lakini kwa nyumba mojamoja ihakikishe.

Karatasi utazipata wapi? Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ina magazeti ya zamani. Nyaraka za Taifa ziko Upanga, Mtaa wa Vijibweni, na humo kuna mafaili ya utawala wa Wajerumani na wa Waingereza. Nenda na kitambulisho na barua ya utambulisho ya shule, na uulize utaratibu kabla ya kutenga siku. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ni mahali pa kuuliza kuhusu vitu. Na Boma la Kale, lililojengwa zama za Sultani Majid bin Said, miaka ya 1866 na 1867, ambalo leo lina kituo cha urithi wa majengo ya jiji, ndipo penye watu wanaoshughulika na jambo hili hasa. Ukiwa huko omba kuona ramani ya zamani ya mji, uiweke sambamba na ya simu. Ramani moja ya zamani hukuokolea wiki mbili za kuuliza.

Wazee waulize, tena kwa adabu na kwa muda. Usianze na "niambie historia ya mtaa huu", maana utapewa hotuba. Anza na kitu kidogo: duka lile la kona lilikuwa la nini? Basi lilisimama wapi? Mtaa huu mlikuwa mnauitaje utotoni? Miaka huchanganyika kichwani, kwa hiyo ipigie misumari: ilikuwa kabla au baada ya Uhuru? Nyumba zilikuwa zimeshataifishwa? Kumbakumba, yale mabasi marefu ya shirika la usafiri la UDA, zilikuwapo? Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha? Majibu manne ya hivyo hukupa kipindi kizuri kuliko tarehe ya kubahatisha. Usiandike jina la mzee kwenye ukurasa wa kasha bila ruhusa yake, na mambo ya mirathi na ugomvi wa viwanja yaache hukohuko kijiweni.

Kuna hadithi ambazo hata mashahidi wawili hawazimalizi. Maana ya jina Dar es Salaam ni mojawapo: wengine husema ni nyumba ya amani, wengine husema chimbuko ni bandari ya salama. Jambo la namna hiyo liandike kama mjadala, na kamwe usilifanye swali lenye jibu moja la kufungulia kasha.

Tuje kwenye aina ya kituo. Utatamani kituo kisicho na kasha, cha kujibu maswali tu. Tatizo ni kwamba aina hiyo, wanayoiita kwa Kiingereza virtual, haifunguliwi kwa yeyote anayetaka. Hutolewa kwa wachezaji wachache kwa zamu. Ziara za maswali kwenye programu ya simu nazo zina ruhusa za idadi maalumu. Njia iliyo wazi kwako ni kasha la hatua nyingi: hatua za mwanzo ni za kutazama na kukusanya tarakimu tu, ya mwisho ndiyo yenye kasha. Na kwa Dar ndiyo njia bora hata kama ungepewa nyingine. Kasha la kweli lazima likae angalau mita 161 kutoka kasha lingine, lakini hatua za kutazama hazibanwi na kipimo hicho. Tena katikati ya mji hutaki mtu apapase chini ya benchi mbele ya benki. Anakusanya majibu mjini, kisha anakwenda kulichukua kasha mahali palipotulia.

Njia ninayokushauri ni hii: Askari, kisha Azania Front, kisha Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, kisha Boma la Kale. Kwa miguu ni kama kilometa moja. Usiongeze hatua ya tano kwa sababu una habari nyingi. Hatua nne zenye jambo moja moja hukaa kichwani, na jua la saa tano halina huruma kwa kidato cha pili.

Maswali ndiyo yanayoharibu makasha mengi ya historia. Usiulize miaka ya vita iliyoandikwa kwenye tako la Askari, maana mwanafunzi mzuri ataijibu akiwa kitandani. Usiulize pia jina la mchongaji. Uliza kitu kinachohitaji macho ya aliyefika: maandishi ya Kiswahili yana mistari mingapi? Neno la kwanza la mstari wa tatu lina herufi ngapi? Tako lina maandishi ya hati ngapi tofauti? Na usitegemee kitu kinachong'oleka. Mabango ya duka hubadilika kila mwaka, vibao vya mitaa na namba za nyumba viliwekwa upya kwa wingi katika zoezi la anwani za makazi la 2022, na rangi ya ukuta haidumu. Jiwe, shaba, plasta iliyochongwa, idadi ya madirisha ya mbele ya kanisa: hivyo vinadumu. Piga picha ya kila jibu siku unapoliandika. Siku mtu akilalamika kwamba hesabu haikubali, utajua kama kitu kimebadilika au yeye amekosea.

Kwenye kutengeneza viwianishi vya kasha la mwisho, ambavyo tarakimu zake sita za baada ya nukta hutokana na majibu A hadi F, kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii. Mchezo hutumia nyuzi na dakika zenye desimali tatu, mfano S 06° 48.950. Kwa kuwa tuko karibu na ikweta, tarakimu ya mwisho ni sawa na takriban mita 1.8 kila upande, ya katikati mita 18, ya kwanza baada ya nukta mita 185. Kwa hiyo jibu ambalo hata mtoto hawezi kulikosea ndilo liende kwenye tarakimu ya kwanza, na lile la kuhesabu madirisha liende mwisho. Ukizigeuza, kosa la dirisha moja litampeleka mtu mtaa wa pili. Halafu toa hesabu ya kujikagua: "Ukijumlisha majibu yote sita unapata 31." Mstari huo mmoja huokoa malalamiko mengi.

Wafundishe pia kuandika namba kwa umbo sahihi. Anayesoma 6° 48.950 akaiingiza kama 6.48950 amejipeleka kilometa 36 kaskazini, na kwa longitudo yetu hapo ni baharini. Anayesahau kubadilisha N kuwa S ataonyeshwa Ethiopia. Anayeacha W badala ya E atajikuta jimbo la Ceará, Brazili. Makosa haya matatu huwakumba hata wazoefu.

Vipimo vyako mwenyewe vichukue kwa subira. Simu mahali pa wazi hukosea mita tatu hadi tano, lakini kati ya maghorofa ya Posta mawimbi hugonga vioo yakarudi, na nukta huruka mita ishirini au zaidi huku umesimama tu. Subiri dakika tatu tangu uwashe programu. Chukua vipimo kumi, toka, rudi saa nyingine au siku nyingine uchukue kumi tena, kisha siku ya tatu. Vilivyo mbali sana na wenzake vitupe, vilivyobaki vitafutie wastani. Kwa hatua za kutazama usihangaike sana, kwani sanamu haifichiki. Hangaikia lile kasha la mwisho.

Kasha lenyewe: chukua kopo la plastiki ngumu linaloonyesha ndani, lenye ukubwa wa mililita 100 hadi lita moja, mfuniko wa klipu na mpira wa kuzibia pembeni. Kuonyesha ndani si urembo. Mlinzi akiliona aone karatasi na penseli, asifikirie vingine. Bandika karatasi ndani, maandishi yakitazama nje: "Hili ni kasha la mchezo wa jiokachingi. Si hatari. Tafadhali liache," na chini yake jina la ukurasa wa kasha. Karatasi ya saini iwe ndani ya mfuko wa plastiki wa kujifunga, na penseli, si kalamu ya wino, kwa sababu wino huvuja kwa joto. Kopo la bati liepuke kabisa. Upepo wa chumvi hulila kwa msimu mmoja. Sumaku nayo, ukiitumia, iweke ndani ya kopo, la sivyo itameguka kwa kutu. Kinachoua makasha mengi ya pwani ni unyevu unaoingia wakati mfuniko umefungwa juu ya pembe ya karatasi, ukungu ukaanza. Kata karatasi iwe fupi kuliko kopo kwa sentimita mbili. Likague kabla ya masika, yaani mwisho wa Februari, na tena kabla ya vuli.

Mahali pa kulificha patafutiwe ruhusa, tena ya maandishi. Usibandike, usifunge wala usichimbe chochote kwenye sanamu au jengo la kale. Kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na mchezo wenyewe unakataza kufukia kasha. Uwanja wa nyuma wa taasisi, ukumbi wa kituo cha urithi, maktaba, duka la vitabu: omba wenyewe walipokee. Kasha linalokaa mapokezi, likaombwa kwa neno la siri linalopatikana kwenye maswali, halipotei na wala halimtishi mtu, ila muulize kwanza mkaguzi wa mchezo, yaani anayeidhinisha makasha kabla ya kutangazwa mtandaoni, kama mpango huo utakubaliwa. Peleka barua kwa mtendaji wa mtaa, ukieleza ni nini, liko wapi na nani atalikagua. Weka nakala ya barua hiyo kwenye simu. Kaa mbali na bandari, Ikulu, vituo vya polisi na majengo ya ulinzi, na uandike kwenye ukurasa kwamba hakuna haja ya kupiga picha upande huo.

Pale Askari pana hatari moja ya wazi: sanamu iko katikati ya mzunguko wa magari. Viwianishi vya hatua ya kwanza viweke kando ya barabara, si kwenye sanamu. Mchezaji wa kawaida atasoma maandishi kwa kukuza picha ya kamera. Na uandike onyo la simu: mtu anayetazama skrini ukingoni mwa barabara hukwapuliwa na wa pikipiki. Asimame amegeukia ukuta.

Maandishi ya kila hatua yasizidi maneno mia moja. Kwa Azania Front yangeweza kuwa hivi: "Soma jina la kanisa hili. Neno la kwanza na la pili lilikuwa jina la barabara ya ufukweni zama za Waingereza. Tafuta kibao cha barabara chenye jina hilo, hutakiona. Kanisa lilijengwa na Wajerumani kuanzia 1898, jina wakaliacha Waingereza, na leo ibada ni ya Kiswahili. Simama mbele ya mlango mkuu. Hesabu madirisha ya mnara upande unaoutazama. Hiyo ni C." Angalia kwamba kila sentensi inamfanya msomaji atazame kitu. Sentensi isiyotazamisha ihamishie darasani.

Kuhusu wanafunzi. Wagawe makundi manne ya watu sita, kila kundi na mtu mzima mmoja mwenye simu, maana wao hawaruhusiwi kuja nazo. Waachanishe kwa dakika kumi na tano, la sivyo kundi la kwanza litanong'ona majibu na wengine watafuata migongo ya wenzao. Jumapili asubuhi mji uko mtupu na kuvuka barabara ni salama zaidi, lakini makanisa yana ibada: pitia nje, msipige kelele, na msitazame madirisha kwa kuelekeza kamera waumini. Jumamosi alasiri ni nafuu kwa hilo. Kila kundi libebe ubao wa kuandikia, karatasi yenye nafasi za A hadi F, na chupa ya maji kwa kila mmoja. Mpe kila mwanafunzi kazi: mmoja anasoma, mmoja anahesabu, mmoja anahesabu tena bila kuona jibu la kwanza, mmoja anaandika, mmoja analinda barabara, wa sita anachora alichokiona. Huyo wa kuhesabu mara ya pili usimwache. Ndiye anayewafundisha, bila kuhubiriwa, maana ya mashahidi wawili.

Kabla ya kutuma maombi ya kasha kwa wakaguzi, watume watu wawili wasioijua njia waipite wewe ukiwa kimya nyuma yao. Mahali watakapokuuliza ndipo maandishi yako yana kasoro. Jibu la kwanza la wakaguzi huja ndani ya siku saba hivi, na mara nyingi huwa ni swali kuhusu ruhusa au kuhusu kasha la jirani, kwa hiyo peleka wiki tatu kabla ya tarehe ya safari. Kisha Jumapili moja kabla yake, pita njia yote peke yako na karatasi ya wanafunzi mkononi, ujaze kwa penseli kuanzia A hadi F, na ujumlishe.